Kabla hujaongeza maji: joto na unyevu kwenye banda la uyoga

Wanaoanza kulima uyoga wa mamama (oyster), hasa Dar es Salaam na mkoa wa Pwani, huuliza jambo moja kuliko yote: ninyunyizie maji mara ngapi kwa siku? Mtu akikujibu "mara tatu" kabla hajakuuliza banda lako limeezekwa nini, mlango umeelekea wapi na mifuko umeipanga vipi, mshukuru kisha usimsikilize. Maji ni jambo la tatu. La kwanza ni joto, la pili ni hewa. Ukiupindua mpangilio huo utashinda na pampu mgongoni kuanzia asubuhi hadi jioni, na uyoga utanyauka vilevile.

Hesabu kidogo kwanza, maana bila hii utakuwa unafuata kipimo bila kukielewa. Hewa ya nyuzi 20 za sentigredi ikishiba kabisa hubeba takribani gramu 17 za mvuke katika kila mita moja ya ujazo. Hewa ya nyuzi 30 hubeba kama gramu 30. Ile asilimia unayoisoma kwenye kipima unyevu haikwambii maji ni mengi kiasi gani. Inakwambia hewa imefika wapi kuelekea kushiba, na kiwango cha kushiba hubadilika kila joto linapopanda au kushuka. Chukua banda lenye nyuzi 20 na unyevu wa asilimia 90. Lipashe moto hadi nyuzi 30 bila kupoteza hata tone, na kipimo kitashuka hadi asilimia 50 hivi. Mkulima mgeni akiona hivyo anakimbilia ndoo, kumbe maji yake yote yamo humohumo ndani. Kilichobadilika ni jua lililopanda juu ya bati.

Usiku mambo hugeuka. Banda lililokuwa na nyuzi 28 na asilimia 85 jioni, likipoa hadi nyuzi 24 alfajiri hewa yake haiwezi tena kuubeba mvuke wote. Unaozidi unakuwa matone, yanaganda chini ya bati au nailoni na kudondokea uyoga. Asubuhi unakuta madoa ya njano na kahawia juu ya miavuli, yanateleza ukiyagusa. Huo ni ugonjwa wa bakteria, nao hupenda mwavuli uliolala umelowa. Usikimbilie dawa ya kupulizia. Tiba ni kuacha kunyunyizia jioni sana na kuzuia dari isidondoshe.

Kwa hiyo fedha yako ya kwanza iende kwenye paa na kivuli. Makuti hushinda bati kwa mbali. Kama bati limeshapigwa, weka dari ya makuti, mikeka au magunia chini yake na uache nafasi hewa ipite katikati. Ukiwa bado hujajenga, lilaze banda kutoka mashariki kwenda magharibi, ili jua la asubuhi na la jioni likute kuta fupi badala ya ndefu. Mwembe ulio jirani una thamani kuliko feni mbili. Sakafu ya mchanga au kokoto hunywa maji na kuyarudisha polepole mchana kutwa. Sakafu ya saruji hukauka haraka, na ikituamisha maji inazalisha inzi wadogo weusi ambao hutaki kufahamiana nao.

Halafu vipimo. Vile vidogo vya dijitali vinavyosoma joto na unyevu kwa pamoja vinatosha, mradi usiviamini kabla ya kuvijaribu. Chukua chumvi ya kawaida ya mezani, iloweshe kidogo iwe uji mzito, siyo iyeyuke yote. Iweke kwenye kifuniko cha chupa, kisha kifuniko na kipimo chako uvifungie ndani ya chombo kisichopitisha hewa, usiku kucha, mahali pasipo na jua. Hewa juu ya chumvi iliyolowa hutulia kwenye asilimia 75. Kipimo kikisoma 68, ujue kinapunguza saba, uandike ubavuni kwa kalamu ya wino. Nimeona watu wakigombana na banda zima kwa sababu ya kipimo kilichokuwa kinadanganya tangu dukani. Kitundike usawa wa mifuko, mbali na mlango na mbali na ukuta unaopigwa na jua. Ukiweza weka viwili, kimoja chini na kimoja juu, utashangaa jinsi safu ya juu inavyoishi nchi nyingine.

Sasa tuingie kwenye chumba cha giza, ambako mbegu inatandaa ndani ya mifuko. Huku wageni huhangaika na unyevu bure. Mfuko umefungwa, unyevu unaohitajika umeshauweka wewe mwenyewe siku ya kulowesha na kuchemsha mabua. Ukikamata konzi ya mabua ukayakamua kwa nguvu, yatoke matone machache tu. Yakitiririka ni mengi, yasipotoa kitu ni makavu, na hakuna kunyunyizia kwa nje kutakakorekebisha hilo baadaye. Kinachoua chumba cha giza ni joto. Mamama hutandaa vizuri kwenye nyuzi 24 hadi 28, lakini hizo ni nyuzi za ndani ya mfuko. Utando, yaani mbegu inayotandaa, ukishika kasi unazalisha joto lake wenyewe, na katikati ya mfuko pakawa na nyuzi kadhaa zaidi ya hewa ya chumba. Chumba kikisoma 31, ndani ya mfuko huenda umevuka 35, na huko utando unadhoofika, kuvu ya kijani inachukua nafasi. Watu wengi hulaumu muuza mbegu. Wakati mwingine ni kweli mbegu mbaya. Lakini kabla ya kumpigia simu kwa hasira, chomeka kipimajoto kati ya mifuko miwili ya katikati ya rundo na usome saa tisa mchana.

Mifuko ikibanana inachemka kama abiria wa daladala saa ya jioni. Itenganishe upana wa kiganja, usiirundike moja juu ya nyingine, na uangalie zaidi siku zile utando unapokimbia, yaani wiki ya pili na kuelekea ya tatu. Ukivuka kipindi hicho salama, joto la ndani hushuka lenyewe.

Ukihamishia kwenye chumba cha mwanga na kutoboa mifuko, ndipo unyevu wa hewa unapoanza kuwa kazi. Vitumba, yaani vichwa vidogo vya uyoga, vinapochomoza vinataka asilimia 85 hadi 95, vikishakuwa miavuli asilimia 80 hadi 90 inatosha. Mwanga uwe wa kumwezesha mtu kusoma gazeti bila taa, jua lisiguse mfuko. Hapo pia ndipo uyoga unapoanza kudai hewa safi, na hili ndilo wageni hulisahau kwa sababu kila kufungua dirisha wanaona asilimia inashuka wanaogopa. Uyoga unapumua kama sisi, unavuta oksijeni na kutoa kabonidayoksaidi. Ukiufungia ndani ya nailoni kila upande, utapata kikonyo kirefu na mwavuli mdogo, na mteja atakuuliza anakula nini. Ukiona utando mweupe wenye manyoya kwenye shina la kikonyo, ni kilio hichohicho cha hewa.

Jifunze kuusoma uyoga kabla ya kipimo. Kingo za mwavuli zikipasuka na kuwa ngumu, hewa ni kavu. Vitumba vikinyauka vikiwa vidogo upande mmoja tu wa banda, tafuta upepo unaoingia moja kwa moja kutoka mlangoni. Ule wa upande wa pili ukiwa mzima, maji hayana kosa. Vikinyauka banda zima mara baada ya kunyunyizia, angalia pampu yako inatoa nini. Inatakiwa itoe ukungu mwembamba, na uelekezwe juu, sakafuni na kwenye kuta. Mkondo wa maji ukipiga kitumba unakiua. Tundu la pampu likiziba kwa maji ya kisima yenye chumvi, ambayo mitaa mingi ya Dar tunayo, unabaki na mkondo badala ya ukungu. Chuja maji, na mara moja moja liloweke tundu kwenye siki.

Suala la kufungua hewa bila kupoteza unyevu lina ufumbuzi mzuri huku pwani, nao ni saa. Usiku wa manane hadi jua linapochomoza hewa ya nje huwa imeshakaribia kushiba na imepoa. Fungua matundu ya chini na ya juu wakati huo, hewa ya moto itoke juu, mpya iingie chini, na asilimia yako haitaguswa. Kuanzia saa nne asubuhi punguza matundu ya upande wa upepo, uache ya juu. Kunyunyizia kukubwa fanya saa tatu na saa sita, kudogo saa tisa. Baada ya hapo acha miavuli ikauke juu kabla ya giza. Hizo ni saa za kuanzia. Banda lako litakurekebishia.

Kuna jambo linalowagharimu watu fedha: imani kwamba maji hupoza kila mahali. Maji hupoza kwa kuvukizwa, na yanavukizwa pale tu hewa ina nafasi. Hewa ya nyuzi 32 yenye unyevu wa asilimia 35, kama ile ya Dodoma wakati wa kiangazi, ikipita kwenye magunia yaliyolowa inaweza kushuka hadi karibu nyuzi 21. Hewa hiyohiyo ya nyuzi 32 ikiwa na asilimia 75, kama ya Dar mwezi wa pili, haiwezi kushuka chini ya nyuzi 28 hata ukiloweka mtaa mzima. Ndiyo maana ndugu zetu wa kanda ya kati wanajenga kuta za mkaa kati ya nyavu mbili, wanadondoshea maji, na wanafurahia. Wewe wa Mbagala ukiiga utapata banda la moto lililolowa. Kwako wewe kivuli, hewa ya usiku na mifuko michache ndivyo vitakavyokuokoa wakati wa kaskazi. Kiyoyozi nacho usikitamani: kinapopoza huyatoa maji hewani, kwa hiyo utalipa umeme wa kukausha, kisha umeme wa kulowesha.

Njia rahisi kuliko zote ya kupambana na joto ni kuchagua mbegu, na unailipia mara moja tu. Mamama zipo aina nyingi. Pleurotus ostreatus hupenda baridi, hubeba vizuri chini ya nyuzi 20, na anayelima Njombe au Lushoto atafurahi nayo. Huku chini omba Pleurotus pulmonarius au sajor-caju, zinazovumilia nyuzi 25 hadi 30 wakati wa kuzaa. Muuza mbegu asipojua anakuuzia ipi, nenda kwa mwingine. Na kama banda lako haliwezi kushuka chini ya nyuzi 30 mwezi wa pili, panga upandaji wako mavuno makubwa yaangukie mwezi wa sita hadi wa nane, wakati kusi inavuma na usiku umepoa. Kuna watu wanaona ni aibu kupumzika miezi miwili. Mimi naona ni biashara.

Mambo mawili ya haraka. Ukitumia feni au taa, nyaya zipite juu na soketi iwe nje ya chumba cha kunyunyizia. Na usiingie kuvuna bila barakoa: miavuli iliyokomaa inatoa vumbi la mbegu ambalo likivutwa miezi mingi linaweza kuharibu mapafu, na wale wanaofungia banda sana ndio wanaolipata zaidi.

Andika. Daftari la shilingi mia tano lenye joto na unyevu wa asubuhi, saa nane na jioni, pamoja na ulichofanya na ulichovuna, litakufundisha banda lako kuliko mimi. Baada ya mikupuo miwili ya mavuno utaona mwenyewe kwamba mkupuo mzuri ulifuata siku zipi.

Mwisho wa mzunguko, mifuko ikishachoka na mavuno yamekuwa ya kukwangua, usipachike mipya katikati ya ya zamani ili "unyevu usipotee". Toa yote, ipeleke mbali na banda, inafaa mboji. Fungua kila tundu, nyanyua mikeka ianikwe juani, safisha rafu, paka kuta chokaa, na uliache banda likauke hadi sakafu itoe vumbi. Kuvu ya kijani na inzi waliofaidi miezi yote ya unyevu hawapendi wiki moja ya ukavu. Siku mbili kabla ya kuingiza mifuko mipya ndipo uanze tena kulowesha mchanga.