Vietnam kwa pasipoti ya Tanzania: viza jazeni wenyewe, maandalizi yawe ya kaunta ya ndege

Mleta mada, nimesoma swali lako lote. Uko Tanga, unataka kwenda Vietnam na mkeo kwa wiki mbili, wakala amekwambia kila mmoja alipe dola 300 kwa viza na "barua ya mwaliko", nanyi ni Waislamu mnaogopa kushinda njaa. Pia umeuliza mwezi gani mzuri. Nimekuwa nikienda kule kwa shughuli za korosho, maana sehemu kubwa ya korosho ghafi ya Mtwara na Lindi inabanguliwa huko. Baadaye nilikwenda na mke wangu kutembea tu. Nitakujibu kwa niliyoyaona.

Nianze na wakala. Usimpe hata shilingi. Hiyo habari ya barua ya mwaliko ni ya zamani, wakati viza ya mtandaoni ilikuwa ya orodha ya nchi 80 tu. Tangu 15 Agosti 2023 Vietnam imeifungua kwa raia wa nchi zote, ya hadi siku 90. Ada ya serikali ni dola 25 ukiingia mara moja na dola 50 ukitaka kuingia na kutoka mara kadhaa. Nyinyi wawili mnahitaji dola 50 tu kwa jumla, naye anataka 600. Hili linaniuma kwa sababu nimekutana na Watanzania waliolipa fedha za namna hiyo na kuletewa karatasi ileile ambayo wangeipata wenyewe wamekaa sebuleni.

Tovuti ya serikali huishia na gov.vn. Ukitafuta kwenye mtandao, za kwanza kutokea mara nyingi ni tovuti za biashara zilizopakwa rangi na nembo zifanane na za serikali. Angalia mwisho wa anwani kabla hujaandika namba ya pasipoti. Utapakia picha mbili: yako ya uso bila miwani, na ya ukurasa wa pasipoti wenye taarifa zako, ukionekana wote pamoja na ile mistari miwili ya herufi na alama chini kabisa. Mistari hiyo ikikatika, ombi linarudishwa. Mke wangu alipiga picha na mtandio, uso wote ukiwa wazi, na hakuna aliyemuuliza kitu. Malipo ni kwa kadi, kwa hiyo hakikisha benki yako imeifungua kwa manunuzi ya mtandaoni, la sivyo utakwama hatua ya mwisho. Ada hairudi hata ukikataliwa.

Kuna vipengele vitatu vya fomu ambavyo watu huvipita haraka, na ndivyo vinavyokuja kuwatesa.

Cha kwanza ni majina. Andika kama yalivyo kwenye pasipoti, yote, la ukoo mahali pake na mengine mahali pake. Sisi tuna majina matatu, na tiketi nyingi hukatwa kwa mawili. Hakikisha jina la ukoo na la kwanza kwenye tiketi vinalingana kabisa na viza, hata herufi moja isipishane. Tarehe ya kuzaliwa na namba ya pasipoti vikaguliwe na watu wawili, wewe na mkeo mbadilishane fomu.

Cha pili ni tarehe. Viza hii ina tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha, na hizo ndizo zinazotawala. Ukiomba kuanzia tarehe 1 hadi 30 kisha ukaingia tarehe 10, hupewi siku 30 kuanzia hapo. Tarehe 30 ikifika unatakiwa uwe umeondoka. Kwa hiyo msiombe siku zilezile za tiketi. Wekeni nafasi mwishoni, maana ada ya mwezi mmoja na ya siku 90 ni ileile.

Cha tatu ni mahali pa kuingilia. Fomu inakutaka uchague uwanja, mpaka au bandari. Mkichagua Noi Bai, ambao ni uwanja wa Hanoi, ingieni Noi Bai. Msibadilishe tiketi mkashukia Tan Son Nhat, Ho Chi Minh City, mkidhani nchi ni moja. Na mtakapojaza anwani ya hoteli msishangae kukuta majina ya mikoa hayafanani na vitabu vya wasafiri: tangu 1 Julai 2025 mikoa na majiji yamepunguzwa kutoka 63 hadi 34, na wilaya zikafutwa kwenye utawala. Watu wa mtaani bado wanasema "District 1", yaani Wilaya ya 1 ya Ho Chi Minh City, na madereva wanaielewa.

Rasmi majibu ni siku tatu za kazi. Mimi ningeomba wiki tatu kabla, na ningekwepa kabisa kuomba karibu na Tet, mwaka mpya wao, unaoangukia kati ya mwisho wa Januari na katikati ya Februari. Ofisi zinafungwa, nchi nzima inarudi kwao, tiketi za treni na mabasi zinakuwa adimu.

Sasa jambo ambalo naona ni zito kuliko viza yenyewe, na hulisikii likisemwa sana: viza ikishatoka, mtihani wenu hauko Vietnam. Uko kwenye kaunta ya shirika la ndege, Dar au pale mnapobadilisha ndege. Shirika likimbeba mtu akarudishwa, gharama ni ya shirika, hivyo wafanyakazi wanachuja, na pasipoti zetu zinachujwa zaidi. Katika uwanja mmoja wa kuunganishia, nilisimama kwenye mstari nikaona vijana wa Kizungu wanne mbele yangu wakipita kwa kuonyesha pasipoti tu. Zamu yangu ilipofika nikaulizwa tiketi ya kurudi, hoteli, fedha nilizobeba, kazi yangu, na kwa nini Vietnam na si kwingine. Yule dada alichukua karatasi yangu ya viza, akaenda nayo kwa msimamizi wake, wakasimama kule wakinitazama. Nilikasirika, na mpaka leo naona si haki. Lakini kila alichouliza nilikuwa nacho kwenye bahasha, kwa hiyo alipokosa la kushika alinipa kadi ya kupandia.

Basi nanyi tengenezeni bahasha, kila mtu yake. Viza iliyoprintiwa, nakala mbili. Tiketi ya kurudi. Hoteli ya siku za kwanza yenye majina yenu wote wawili. Hapa wanandoa huteleza, mume anaweka nafasi kwa jina lake peke yake na mke anabaki hana ushahidi wa pa kulala. Taarifa ya benki ya miezi ya karibuni, na barua ya mwajiri au leseni ya biashara. Na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, hasa mkitaka kuchungulia Thailand, kwa sababu Thailand inaidai kwa watu wanaotoka Tanzania, Kenya na Uganda. Vyote viwe karatasi. Simu inazima chaji au mtandao wa uwanjani unagoma saa ileile unapouhitaji.

Kateni tiketi moja ya safari nzima, Dar hadi Hanoi au Ho Chi Minh City, kupitia Doha, Dubai au Istanbul. Mkiunganisha tiketi mbili tofauti kwa kufuata bei, mnaweza kulazimika kutoka kuchukua mizigo katika nchi msiyokuwa na viza yake.

Mkifika, dirisha la uhamiaji huwa kimya. Afisa analinganisha pasipoti na karatasi, anagonga muhuri, basi. Sijawahi kuulizwa swali hata moja la maana pale, tofauti kabisa na kwenye ndege. Msiondoke dirishani kabla ya kusoma muhuri: tarehe ya mwisho iliyoandikwa ilingane na ya viza. Ikipishana, ni rahisi kurekebishwa ukiwa umesimama hapo kuliko siku ya kuondoka. Hotelini watachukua pasipoti na kuiandikisha polisi, ni sheria kwa kila mgeni. Mkipanga nyumba ya mtu binafsi, mwenye nyumba ndiye mwenye wajibu huo, mwulizeni kama amefanya.

Fedha. Dola moja ni kama dong 26,000, kwa hiyo ndani ya saa moja mtakuwa mamilionea na vichwa vitachanganyikiwa. Noti zote zina sura ya Ho Chi Minh, kiongozi mwasisi wao, na mbili kati yake ni za buluu: 20,000 na 500,000. Usiku, kwenye taa hafifu za mtaani, zinafanana sana. Geuza nyuma: ya 20,000 ina daraja la Wajapani la Hoi An, ya 500,000 ina nyumba ya kijijini ya utotoni mwa Ho Chi Minh. Mke wangu alizitenga kabisa, kubwa kwenye mfuko wa zipu na ndogo kwenye pochi ya mkononi, na hatukupoteza hata senti. Dola mnazobeba ziwe safi, zisizo na mchaniko wala muhuri wa wino. Shilingi zetu kule hazina wa kuzipokea.

Usafiri wa mjini tumieni Grab, programu ya simu ya kuitia gari au boda, bei mnaiona kabla ya kupanda. Boda zao ni rahisi na helmeti wanakupa. Kukodi pikipiki kuendesha mwenyewe sikushauri kama leseni yako haitambuliki kule, kwa sababu faini za barabarani zimepanda sana tangu mwanzo wa 2025 na bima haitakusikiliza ukianguka. Laini ya simu nunueni ya Viettel, ndio wenye Halotel yetu. Watawasajili kwa pasipoti.

Chakula cha Kiislamu. Hapa msiogope, ila mpange. Nguruwe yupo kila mahali, hata kwenye mchuzi unaoonekana wa kuku, kwa hiyo kula popote bila kuuliza haiwezekani. Ho Chi Minh City nendeni msikiti wa barabara ya Dong Du, katikati kabisa ya mji, uliojengwa 1935 na Waislamu kutoka kusini mwa India. Ijumaa utakuta Wamalaysia, Waindonesia, Wahindi, na Wacham, kabila la wenyeji, na mitaa ya karibu ina migahawa ya halali ya Kimalaysia na Kihindi. Sisi tulifanya makao yetu karibu na hapo na tukawa tunarudi kula. Hanoi kuna msikiti wa Al-Noor, mtaa wa Hang Luoc, wa mwaka 1890, ndani ya mji wa kale. Nje ya miji hiyo, migahawa ya Kibudha isiyo na nyama iliwaokoa wengi niliosafiri nao. Tafuteni bango lenye neno "chay". Tofu yao ya kukaanga na wali, na pilipili pembeni, mtashiba. Mkipata siku mbili za ziada, shukeni Chau Doc kwenye delta ya Mekong, kuna vijiji vya Waislamu wa Cham na misikiti yao kando ya mto. Mke wangu alikaribishwa ndani na akina mama bila hata lugha ya pamoja, na ndiyo sehemu anayoitaja mpaka leo.

Kuhusu rangi yetu, nikuambie wazi. Mtatazamwa. Mtaombwa picha, watoto watawaamkia kwa sauti, na kuna mama sokoni atashika nywele za mkeo bila kuomba. Mijini ni kidogo, vijijini ni zaidi. Kwa muda wote sijakutana na ubaya katika hilo, ni ushamba wa kutuona kwa mara ya kwanza, lakini mkeo ana haki ya kusema hapana, na akiondoa mkono kwa upole wanaelewa mara moja.

Wiki mbili msijaribu nchi nzima, ni ndefu mno: reli ya Hanoi hadi Ho Chi Minh City ni kilomita 1,726. Ningechagua Hanoi na Ghuba ya Ha Long, kisha ndege hadi Hue, mji wa katikati ya nchi, treni Hue hadi Da Nang, siku tatu Hoi An, na kumalizia kusini. Kipande hicho cha treni msikikose. Kaeni upande wa kushoto mkielekea kusini, maana reli inazunguka mlima wa Hai Van ukingoni mwa bahari. Hoi An ni mji wa bandari ya zamani, wafanyabiashara wa China na Japani waliweka maskani hapo, na mtu wa Tanga au Unguja atatembea vichochoro vyake kama yuko kwao. Mashimo ya Cu Chi, mahandaki ya wakati wa vita karibu na Ho Chi Minh City, nendeni asubuhi kabla ya mabasi ya watalii. Kaburi la Ho Chi Minh pale Hanoi hufunguliwa asubuhi tu, Jumatatu na Ijumaa limefungwa, na kati ya Juni na Agosti hufungwa kwa matengenezo, hivyo kagueni kwanza.

Mwezi: Machi au Aprili. Kaskazini baridi inakuwa imepungua, katikati kukavu, kusini kuna joto lakini mvua hazijaanza. Oktoba na Novemba Hue na Hoi An hufurika maji kiasi cha watu kupita mitaani kwa mitumbwi, hata kama tiketi zitakuwa za bei nafuu msidanganyike. Mkitaka kuchungulia mahekalu ya kale ya Angkor kule Kambodia halafu mrudi Vietnam, ombeni viza ya dola 50 tangu mwanzo, kwa sababu ile ya dola 25 inakufa mkishavuka mpaka.

Ukianza kujaza ukakwama popote, weka hapa kipengele chenyewe, lakini namba ya pasipoti ifute kwanza.