Nasoma Unguja kwa mfuatano wa miaka

Mkuu, umeuliza tunasoma riwaya gani kwa sasa na kila mtu anapangaje foleni yake. Mimi mwaka huu sikimbilii kinachosifiwa. Nasoma riwaya za Unguja kwa kufuata miaka inayosimuliwa ndani, si mwaka kitabu kilipotoka.

Nilianza na Peponi, yaani Paradise ya Abdulrazak Gurnah (1994), kwa Kiswahili cha Ida Hadjivayanis. Najua, hadithi yenyewe iko bara enzi za Wajerumani, si kisiwani, ila nilitaka kuanzia kwenye ile misafara ya biashara. Kila mfanyabiashara Aziz akija kutembelea, kijana Yusuf anasubiri sarafu yake ya ana kumi. Mtoto anamwona mgeni karimu kweli. Kumbe baba mtu anadaiwa, na Yusuf anatolewa rehani. Anafika kwa Aziz akidhani kaenda kukaa kwa jamaa, mpaka Khalil, kijana wa dukani, amweleze kinagaubaga kwamba tajiri yule si ndugu yake hata kidogo. Hapo nikafungua tena zile kurasa za sarafu, na safari hii zilinitia kichefuchefu.

Baada ya hapo Kuli ya Shafi Adam Shafi (1979), inayotuleta kwenye mgomo wa makuli wa bandarini mwaka 1948. Gurnah mwenyewe kazaliwa Unguja mwaka huohuo, basi tu. Niseme kweli: Kuli ina mahubiri mengi. Wahusika wanafundishana siasa kama wako darasani, na Rashidi, mhusika mkuu, anabadilika haraka mno. Lakini ukitoka moja kwa moja kwenye wapagazi wa Peponi ukaingia kwa watu hawa wa gatini, kitu kinakugonga: mizigo ni ileile ya watu wengine, na mabega ni yaleyale, isipokuwa sasa wenye mabega wameanza kuulizana. Ningezisoma kwa kuachanisha miaka mitatu nisingeliona hilo.

Sasa hivi niko katikati ya Vuta N'kuvute (1999), ya Shafi huyohuyo, na huwezi kuamini ni mkono mmoja. Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa kwa Bwana Raza, mwenye duka anayeweza kuwa baba yake, anamkimbia na kuishia mtaa wa Ng'ambo kwa Mwajuma. Siasa imo tele, Denge, mpigania uhuru, yuko mbioni na makachero wa Mwingereza nyuma yake, ila safari hii inapita katikati ya mapenzi, taarabu na njaa ya mwisho wa mwezi. Mwajuma ndiye ninayempenda kuliko wote. Hana kitu, na mlango wake uko wazi. Nasoma kidogo kidogo usiku, makusudi, isije ikaisha. Filamu ya Amil Shivji (2021) nimeiweka akiba mpaka nimalize.

Inayofuata ni Kasri ya Mwinyi Fuad, ya Shafi pia (1978), inayotufikisha kwenye Mapinduzi ya 1964. Nakala yangu ni ya mtumba, jalada limeshikizwa kwa selotepu, lakini kurasa zote zimo, nimezikagua mojamoja kabla sijatoa hela. Halafu Haini yake (2003), ya jela na mateso baada ya kuuawa kwa kiongozi wa nchi. Shafi mwenyewe alitiwa ndani baada ya Karume kuuawa Aprili 1972, kwa hiyo riwaya hii naijia kwa tahadhari na sitaisoma usiku. Mtaona Shafi kajaa kwenye orodha. Sikupanga hivyo, ukifuata miaka ya kisiwa kile unamkuta kila kona.

Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed (1976) iko nje ya foleni. Ile huwa nairudia nikichoka na nyingine, kwa ajili ya sentensi zake tu.

Na kwa kuwa mtu hawezi kula uzito kila siku, kwenye mkoba wa daladala yumo mpelelezi Bwana Msa na kiko chake, Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla (1960). Kondakta akipiga kelele hupotezi uzi.

Ninachotafuta bado ni riwaya iliyoandikwa na mwanamke wa Unguja au Pemba ya kuziba pengo kati ya 1964 na Haini. Foleni yangu yote ni ya wanaume, na Yasmin na Mwajuma wamenifanya nilione hilo. Mwenye jina aliweke hapa, na aseme inapatikana wapi.