Kutaja Akili Bandia katika Tasnifu

SWALI: Mhariri mheshimiwa, ninaandika tasnifu ya uzamili kuhusu wavuvi wa ufuo wa Dunga. Nilitumia ChatGPT kunyoosha lugha na kunifupishia nadharia moja. Je, niitaje? Mwanafunzi, Kisumu.

JIBU: Itaje, ndugu yangu, na umweleze msimamizi wako kabla hujawasilisha, kwa kuwa kanuni za idara yako ndizo zitakazotumika kukupima. Kunyoosha lugha kunahitaji sentensi moja au mbili tu, zinazotaja programu, toleo lake na kazi iliyofanya. Muhtasari wa nadharia ni jambo zito zaidi: mtindo wa APA wa kuandika marejeo, uliotoa mwongozo wake kuhusu ChatGPT mwaka 2023, huweka kampuni ya OpenAI, iliyoiunda programu hiyo, mahali pa mwandishi, ilhali ule wa MLA hauihesabu programu kuwa mwandishi, bali huanza na maelezo ya swali uliloiuliza.

Hata hivyo, nakusihi uisome nadharia hiyo katika kitabu chenyewe, maana programu hizi huweza kubuni makala na waandishi ambao hawajawahi kuwepo, na mtahini akigundua rejeo moja la uongo atayatilia shaka hata mahojiano uliyoyafanya kwa jasho lako pale ufuoni. Maswali na majibu yote, pamoja na tarehe zake, yahifadhi kwa ajili ya kiambatisho.