Je, kuuliza ushahidi wa dawa ya mitishamba ni upungufu wa imani?

SWALI: Assalam alaykum sheikh. Niko Jinja. Mume wangu anaumwa sukari mwaka wa sita huu. Ustadhi mmoja anayeuza dawa kamwambia aache vidonge vya hospitali atumie habati soda na majani yake tu, chupa 150,000. Nikauliza imepimwa wapi, akasema kuuliza hivo ni kumkadhibisha Mtume. Mume hanisikii, na sasa ana kidonda mguuni. Nimekosea dini?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah dada yangu. Hujakosea hata kidogo, na swali lako limeninyima usingizi.

Habati soda hatubishani, hadithi iko kwa Bukhari na Muslim, kwamba ni shifaa ya kila ugonjwa isipokua mauti. Lakini huyo ustadhi ameishika nusu akaacha nusu. Aseme basi, sahaba Ubayy bin Kaab alipougua mbona Mtume (s.a.w) alimpelekea tabibu, akamkata mshipa kisha akauchoma? Iko kwa Muslim hiyo. Habati soda haikuepo Madina? Ilikuepo! Na aliyemtuma tabibu ndie yule yule aliyeisifu, sasa nani amkadhibishe nani? Al-Khattabi, mwanachuoni wa hadithi, zamani sana alishaeleza kwamba neno "kila ugonjwa" hapo limekuja kwa ujumla na makusudio yake ni magonjwa fulani. Tena hadithi haikutaja chupa yake, haikutaja majani yake wala haikusema acha dawa nyingine, hayo kayaongeza yeye kisha kayabandika jina la Mtume, na hilo ndilo la kuogopa.

Ama kupima, wapo waliopima habati soda kwa wagonjwa wa sukari na ikaonekana kusaidia kushusha sukari kiasi, lakini kwenye tafiti nyingi kati ya hizo wagonjwa walikua wanaendelea na vidonge vyao. Na metformini, kidonge wanachopewa wagonjwa wengi wa sukari, asili yake ni uchunguzi wa mmea unaoitwa galega! Dawa ya malaria nayo, artemisini, ilitoka kwenye mmea, mama mmoja wa China, Tu Youyou, aliona kuchemsha kunaiharibu akaitoa bila moto mkali, 2015 akapewa Nobel. Kwa hiyo anayepima haidharau mitishamba, anatafuta kipi kinatibu na kwa kipimo gani. Hapa kwetu Uganda dawa ya mitishamba ya Covidex ilipotoka 2021, NDA, mamlaka ya dawa ya taifa, waliikubali kama ya kusaidia tu, wakasema wazi sio ya kuponesha korona. Huyo wako chupa yake kaipeleka wapi?

Mtume kasema anayetibu watu na hajulikani kua tabibu basi yeye ni mdhamini, yani mgonjwa akidhurika analipa. Mwambieni hivo.

Sasa dada yangu, kidonda cha mguu kwa mtu wa sukari hakingoji Ijumaa. Mpeleke hospitali leo, apimwe sukari, na chupa hiyo muibebe dokta aione. Usigombane na mumeo mbele ya watoto, ameogopa tu, miaka sita ya vidonge inachosha mtu jamani. Mwite kaka yake mkubwa au imamu wa msikiti wenu azungumze nae kwa upole, mkikwama mnipigie nitazungumza nae mwenyewe. Habati soda akiipenda aendelee nayo dokta akikubali, vidonge visiachwe.