Kwa mnaoanza kutembeza wageni kwenye mashamba ya viungo

Wadogo zangu mnaoanza kazi Kizimbani na Kidichi, hapa Unguja, Kiingereza mmekisoma skuli na mnakizungumza vizuri. Kinachowakwamisha wengi ni maneno yanayofanana sura, maana mgeni akishavutiwa haishii kuuliza hiki kinaitwaje. Atauliza kwa nini kinaitwa hivyo.

Anzeni na clove, neno mtakalolitamka kila siku. Ni karafuu. Lakini mgeni anayepika huliita clove pia chembe ya kitunguu thomu, na wengi wao hudhani ni neno moja. Ni mawili. La karafuu limetokana na Kifaransa cha kale, clou, msumari, na kabla ya hapo Kilatini clavus, msumari vilevile. Mpeni mgeni karafuu kavu mkononi, tumba la ua lililochumwa kabla ya kufunguka: kichwa kile na mguu ule, ataona mwenyewe. Akiwa Mholanzi, muulizeni kwao wanaiitaje. Atajibu kruidnagel, msumari wa kiungo, na mara nyingi ndipo hapo anapolisikia neno lake kwa mara ya kwanza. Mimi napenda sana dakika hiyo. Clove ya thomu ni Kiingereza cha kale chenyewe, clufu, jamaa ya cleave, kupasua, kwa kuwa thomu huachana vipande vipande. Sisi karafuu yetu tumeipata kwa Waarabu, qaranful, haina habari ya msumari.

Mace nayo ni hivyohivyo. Ile basibasi nyekundu inayolivaa kokwa la kungumanga, na rungu la vita la zamani, yote mace, na yote yamepitia Kifaransa, ila kwa njia mbalimbali: macis na masse.

Flour na flower ni kinyume chake. Unga na ua, tahajia mbili, matamshi mamoja, na asili moja: unga uliochekechwa vizuri ulihesabiwa kuwa ua la nafaka, yaani sehemu yake bora. Waingereza walikuja kuzitenganisha tahajia baadaye.

Mkiandikiana na wageni kwa simu, angalieni dessert na desert. Matunda ya mwisho wa safari ni dessert, s mbili, kutoka Kifaransa desservir, kuondoa vyombo mezani, kwani huliwa chakula kikishaondolewa. Desert ni jangwa, kutoka Kilatini deserere, kutelekeza. Kinywaji cha bure hotelini ni complimentary, kwa i. Kwa e ni kitu kinachokamilishana na kingine.

Jambo moja nawasihi sana. Mtasikia kwa papasi, wale wanaotembeza wageni bila kibali, hata kwa wenzetu wenye vitambulisho, kwamba tip, bakhshishi, ni herufi za mwanzo za maneno matatu yaliyoandikwa kwenye kisanduku cha mkahawa London. Msiirudie. Hadithi hiyo si kweli, na mgeni aliyesoma atawatilia shaka hata kwa yale ya kweli mliyomwambia kuhusu karafuu. Tip hiyo ilikuwa lugha ya wezi wa Uingereza karne ya 17, kwa maana ya kumpa au kumpitishia mtu kitu. Tip ya ncha ni neno jingine, la zamani zaidi.