Maswali yenu: mgonjwa wa saratani na kopo la unga wa lishe

Wanaouguza wameniandikia sana mwezi huu, na wengi wanauliza kuhusu makopo. Nachukua maswali manne.

Mama ana miaka 62, ana saratani ya umio na anapigwa mionzi Ocean Road. Tangu tumnunulie kopo la unga wa lishe hataki chakula kingine. Linatosha? (Binti, Temeke)

Binti yangu, geuza kopo usome lebo. Mgonjwa wa saratani kwa kawaida huhitaji gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kwa siku kwa kila kilo ya uzito wake. Mama akiwa na kilo 50, hiyo ni gramu 60 hadi 75. Vinywaji vingi vya aina hii vina kama gramu 9 kwa glasi, kwa hiyo glasi mbili hazifikishi hata theluthi. Yapo makopo yanayoweza kushika nafasi ya chakula chote, lakini kiasi chake hupangwa na mtaalamu wa lishe wa hospitali, si kukisia kwa kijiko. Kama bado anakula, mpe glasi hiyo baada ya mlo au katikati ya milo. Ukimpa saa sita kamili, saa saba usimlaumu akisukuma sahani.

Ila kwa saratani ya umio mimi ningeanza na swali jingine: hataki, au hakipiti? Kama hata uji unakwama, au anapaliwa akinywa maji, au kilo zinashuka, mwambieni daktari wiki hii hii. Anaweza kuwekewa mpira wa kulishia. Familia nyingi huuogopa zikidhani ndiyo safari ya mwisho, kumbe wengi huwekewa ili wapate nguvu ya kumaliza mionzi.

Kopo moja linamaliza hela ya sokoni. Nifanye nini? (Mume wa mgonjwa, Morogoro)

Acha kopo, kaka. Chukua nusu lita ya maziwa yaliyochemshwa, koroga humo vijiko vinne vya chakula vya maziwa ya unga. Protini inapanda kwa karibu nusu, na glasi inabaki ile ile. Maziwa hayo ndiyo upikie uji badala ya maji, kisha tia kijiko cha karanga zilizosagwa na kijiko cha mafuta. Yai moja lina gramu 6 za protini; liive kabisa, maana kinga ya mgonjwa wa kemo (dawa za kuua saratani) hushuka. Na ule unga wa "lishe" wenye nafaka kumi na mbili? Ukipikwa mwepesi na maji matupu, kilichojaa humo ni maji. Karanga zenye ukungu usichague nzuri, tupa zote.

Shangazi ameleta vidonge vya vitamini na majani ya mstafeli. Nitumie pamoja na kemo? (Dada, Tanga)

Hapana, hadi daktari wako aone vyote viwili. Vitamini za dozi kubwa zinaweza kuingilia matibabu. Utafiti wa Finland uliotangazwa mwaka 1994 ulionyesha wavutaji sigara waliopewa vidonge vya beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, walipata saratani ya mapafu zaidi ya wenzao. Mstafeli nao una kemikali inayodhuru neva, na baadhi ya dawa za kemo, kama paklitakseli, tayari hutia ganzi vidole. Mshukuru shangazi, majani yaweke kando.

Nikinywa hicho kinywaji naharisha. Na ni kitamu mno, sukari si inalisha saratani? (Babu, Moshi)

Sukari kwanza, babu: kila chembe ya mwili hutumia sukari, na kuacha uji mtamu hakuuti uvimbe njaa; unayekonda ni wewe. Kuhusu tumbo, anza na nusu glasi, baridi, unywe kidogo kidogo kwa nusu saa. Mdomo ukiwa na vidonda, tumia mrija. Kinywaji kilichokwisha kukorogwa kisilale mezani. Ukiharisha mara nne au zaidi kwa siku, au joto likifika 38, usingoje tarehe ya kliniki. Piga simu usiku huo huo.