Skrubu Zinazoisha Mwilini: Kwa Nini Muundi Bado Hufungwa kwa Chuma?

SWALI: Mhandisi, mpwa wangu aligongwa na bodaboda hapa Mbale, akavunjika muundi, akawekewa bamba la chuma lenye skrubu. Tumeambiwa huenda akapasuliwa tena ili vyuma vitolewe. Nasikia vyuo vikuu vinatafiti skrubu zinazoyeyuka zenyewe. Huyeyukaje, na kwa nini yeye hakuwekewa hizo?

JIBU: Ndugu msomaji, poleni kwa ajali hiyo. Ulilosikia ni kweli, ingawa skrubu hizo haziyeyuki kama sukari kwenye chai. Zipo za aina mbili kuu. Aina ya kwanza hutengenezwa kwa polima ya asidi ya laktiki, ambayo minyororo yake mirefu ya molekuli hukatwa kidogo kidogo na maji ya mwilini mpaka ibaki asidi ileile inayotolewa na misuli mtu anapopanda mlima, nao mwili huimaliza kwa kuigeuza kuwa maji na kaboni dayoksaidi. (Ndiyo maana hufungwa katika pakiti zisizopitisha unyevu, kwani ikikaa wazi katika stoo yenye joto huanza kuchakaa kabla ya kumfikia mgonjwa.) Aina ya pili ni ya magnesi, metali inayoliwa na majimaji ya mwilini kama bati linavyoliwa na kutu, ila yenyewe hutoa gesi ya haidrojeni.

Gesi hiyo imewasumbua watafiti kwa zaidi ya karne moja. Mwaka 1907 daktari mpasuaji wa Ubelgiji, Albin Lambotte, alifunga mguu uliovunjika kwa bamba la magnesi tupu na misumari ya chuma iliyopakwa dhahabu. Baada ya siku 8 bamba lilikuwa limesambaratika na gesi imejaa chini ya ngozi. Kwa maoni yangu, misumari ilichangia sana, kwa sababu metali mbili tofauti zikigusana ndani ya maji ya chumvi huwa kama betri, na ile dhaifu huliwa upesi. Siku hizi magnesi huchanganywa na metali nyingine ili iliwe polepole, na huko Ujerumani skrubu za namna hiyo zimekwisha kutumika kunyoosha kidole gumba cha mguu kilichopinda.

Kidole gumba, lakini, si muundi. Maabara huizamisha skrubu ya polima katika maji yenye chumvi zinazolingana na za damu, kwa joto la nyuzi 37, kisha huipima uzito na kuivunja kwa mashine. Mara nyingi hutoka ikiwa na sura ileile na uzito karibu uleule, lakini ikibanwa hukatika kama chaki, maana nguvu hutangulia kuondoka na umbo hufuata baadaye sana. Muundi wa mtu mzima huchukua miezi kadhaa kuunga, nao hubeba uzito wa mwili. Tena, ugumu wa chuma cha pua dhidi ya kupinda ni takriban gigapaskali 200, wa mfupa 20 hivi, na wa polima hiyo 3 au 4 tu.

Chuma nacho kina kasoro yake: kwa kuwa ni kigumu kupita mfupa, hubeba mzigo mwingi mno, na mfupa ulio chini yake unaweza kupungua unene. Hata hivyo, kwa jeraha la mpwa wako ningechagua bamba lilelile. Likiwa halimuumizi, huenda daktari akaliacha. Mwulizeni baada ya eksirei kuonyesha kwamba mfupa umeunga.